CD Tatu za Kijivu

Nilipewa saa arobaini na nane nieleze kwa maandishi kwa nini nimekataa kufanya kazi. Barua ilikuwa na muhuri wa shule na sahihi ya prefe wetu, yaani mwalimu mkuu, na ndani yake neno "sabotaji", yaani hujuma, lilikuwa limepigiwa mstari. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yake, naye akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na sita, na sikuwahi kuandikiwa hata onyo la kuchelewa.

Nilikasirika siku ile, na ninapoandika haya bado nimekasirika. Dada zangu wananiambia mambo yalishapita, niyaache. Mimi sitaki kuyaacha kabla sijayasema yote, tena kwa mpangilio, kwa sababu walioyasema mbele yangu hawakuyasema yalivyokuwa.

Shule yetu ni ya vijana wasioona, iko Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu. Kazi yangu ni kuchapa vitabu vya breli. Mashine yenyewe ni kubwa kama jiko la kuni, na inapopiga nukta kwenye karatasi nene, darasa la jirani lazima lifunge madirisha. Inaongozwa na kompyuta ya zamani sana ambayo sista mmoja alituachia aliporudi kwao. Ndani ya kompyuta hiyo kuna kadi iliyochomekwa, na kadi hiyo ndiyo inayozungumza na mashine. Kadi haiingii kwenye kompyuta nyingine yoyote tuliyowahi kujaribu. Kila mgeni huniuliza kwa nini situmii ufunguo wa USB. Kompyuta ile haina tundu la USB, ilitengenezwa kabla ya mambo hayo. Sehemu ya disketi ilikufa mwaka mvua ilipopasua paa. Ikabaki njia moja tu ya kuingiza kitabu: lekta ya CD, kile kisanduku kinachotoa ulimi na kumeza.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilitutosha. Shirika moja lililotusaidia lilikuwa linatayarisha vitabu kwenye ofisi yake kuu huko Kinshasa na kututumia kwa CD, enzi zile ndege bado zilikuwa zinatua uwanja wetu wa Kavumu. Zilikuwa CD za kawaida, zile zinazoandikwa mara moja tu, upande wa chini zinang'aa rangi ya kijani au ya dhahabu. Niliziweka, taa ikawaka, nikachapa. Sikuwa na sababu ya kuzifikiria.

Kisha shirika likaleta mkuu mpya wa programu hapa Bukavu. Alikuwa mtu wa maneno laini na kompyuta nyembamba isiyotoka mkononi mwake. Aliamua kwamba kuanzia mwaka ule vitabu vitakuja kwa CD za kufutika, zinazoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Shule ikishachapa, itarudisha CD, zifutwe, ziende shule nyingine. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Hakuna aliyeniuliza.

Zilifika tatu ndani ya bahasha moja: pedagojia, saikolojia na maarifa ya jumla. Vilikuwa vitabu vya kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat. Tulikuwa na wanafunzi saba wa mwaka wa mwisho, na mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Nilitia sahihi kwamba nimezipokea. Nilipozigeuza niliona chini yake ni za kijivu, giza-giza, nikajua kompyuta yetu haitazisoma.

Nilijua kwa sababu jambo hilo lilishatokea. Zamani, sista alipokuwa bado yupo, mwalimu wa kwaya alituletea CD ya namna hiyo na kompyuta yetu ikaikataa. Sista alinikalisha akanieleza. Lekta inasoma kwa mwanga: inaurusha kwenye CD na kusubiri urudi. CD iliyotoka kiwandani inaurudisha kama kioo. Ile inayoandikwa mara moja inaurudisha karibu vilevile. Ile ya kufutika inarudisha mwanga kidogo mno. Lekta mpya zilitengenezwa zikijua hilo, zinaongeza nguvu ya kusikiliza. Yetu ilitengenezwa kabla CD za kufutika hazijafika madukani, kwa hiyo ikirusha mwanga na kurudishiwa kidogo vile, inaamini kwamba ndani hakuna kitu.

Ndivyo ilivyofanya. Ilizungusha, ikatulia, ikazungusha tena, taa ikapepesa, kisha ikaandika kwamba hakuna CD. Nilizipangusa zote tatu kwa kitambaa laini. Nilirudisha CD ya mwaka uliopita, ikasomeka mara moja. Nikaweka tena za kijivu, ikakataa. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimempigia simu mkuu wa programu nikamwomba jambo moja tu: vitabu vilevile, kwenye CD za kuandikwa mara moja.

Alikuja baada ya siku tano. Tulikutana ofisini kwa prefe: yeye, prefe, mimi, na mwalimu wetu wa historia, mzee asiyeona tangu utotoni, ambaye husahihisha kwa vidole kila ukurasa ninaochapa kabla haujafungwa kitabu. Mkuu alifungua kompyuta yake nyembamba, akaunganisha lekta yake mpya, akaweka CD ya pedagojia. Ikafunguka. Akageuzia kioo upande wa prefe, kisha upande wangu.

"Maman, CD iko nzima. Unaona weye mwenyewe."

Nilimwambia sijawahi kusema CD ni mbovu. Nilimwambia, "CD iko muzuri, na lekta yetu iko muzuri. Vyote viwili njo havipatani." Nikaanza kumweleza habari za mwanga kama nilivyoelezwa na sista. Hakungoja nimalize. Alifunga kompyuta yake akacheka.

"Basi mashini ya vipofu nayo imekuwa kipofu."

Prefe akacheka pia. Kicheko chake ndicho ambacho sijaweza kukimeza hadi leo, kwa sababu mkuu alikuwa mgeni, lakini prefe ameishi na watoto wale. Alicheka hatua mbili kutoka kwa mwalimu wa historia, ambaye alikuwa amekaa na mikono yake magotini. Mzee alingoja mpaka wanyamaze. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kama vitabu vile vimo ndani ya kompyuta ya mkuu. Mkuu akasema ndiyo, vimo. Mzee akauliza itamchukua dakika ngapi kuvihamisha kwenye CD ya aina ninayoomba.

Mkuu akasema si suala la dakika. Kila CD ina namba yake, mafaili ni mali ya ofisi kuu, na nakala haziruhusiwi. Nikamwomba basi aandikie ofisi kuu. Akasema ataona. Akasema pia kwamba katika bajeti inayokuja huenda tukapata mashine mpya, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na ile ya zamani. Nilimkumbusha kwamba wanafunzi saba wanafanya mtihani mwaka huu, si mwaka wa bajeti. Akatazama saa yake. Gari lake lilikuwa linanguruma uani, na CD zikabaki mezani kwangu.

Wiki tatu zikapita. Nilipiga simu, haikupokelewa. Niliandika ujumbe, ukasomwa bila jibu. Nilimtumia prefe barua mbili, akanijibu kwa mdomo tukipishana kwenye ngazi kwamba tuwe na subira. Wanafunzi walikuwa wanakuja mlangoni kwangu kila asubuhi na kusimama tu. Hawakuuliza chochote. Walikuwa wanasikiliza kama mashine inapiga.

Ndipo ikaja barua ya kunitaka maelezo. Mkuu alikuwa amemwandikia prefe kwamba ucheleweshaji unatokana na mfanyakazi anayekataa kutumia CD nzima kwa sababu anataka anunuliwe kompyuta mpya. Mimi, ambaye niliilinda ile kuukuu miaka kumi na sita kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, ndiye niliyekuwa nataka mpya. Nilitoka pale bila kuaga, nikateremka moja kwa moja mpaka sokoni Kadutu, na watu niliowasalimia njiani sikumbuki hata mmoja.

Sokoni kuna mzee mmoja Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Uvira, anayeuza vipuri vya redio na rimoti za zamani. Nilimweleza shida yangu, na alikuwa mtu wa kwanza mwezi ule kunisikiliza mpaka mwisho. Hakushangaa hata kidogo.

"Ata redio za gari za zamani ziko vile," alisema. "Ya kijani zinakubali, ya kijivu zinatema."

Alikuwa na kasha la CD za kuandikwa mara moja, vumbi tupu, kwa kuwa hakuna anayezinunua tena. Nikamwomba aniandikie ukurasa mmoja wa majaribio mara mbili, mara ya kwanza kwenye CD ya kijani, ya pili kwenye ya kufutika, kwa kompyuta ile ile. Alinifundisha na mambo mawili ambayo sista hakunieleza. Kwa lekta iliyozeeka, CD iandikwe kwa mwendo wa polepole kabisa, alama zake zitoke wazi. Na ukimaliza lazima uifunge, maana ukiiacha wazi ili uongeze kitu baadaye, lekta ya zamani haitaiona hata ikiwa ya kijani.

Kesho yake nilimwita prefe kwenye chumba cha mashine. Sikumwomba, nilimwambia aje. Niliweka CD ya kufutika, tukasimama tukiangalia taa ikipepesa mpaka kompyuta ikasema hakuna CD. Nikaweka ya kijani. Ukurasa ukafunguka. Nilirudia mara tatu, nikibadilisha moja kwa nyingine, kisha nikamwachia arudie yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Nimeelewa," akasema.

Nikamwambia basi afute barua. Akakaa juu ya boksi la karatasi, akajipangusa uso. Alinieleza kwamba hatuwezi kumwaibisha mkuu, kwamba yule ndiye mlango wetu wa msaada, kwamba shule nyingine ziko tayari kuchukua nafasi yetu. Alitaka niandike kuwa kulikuwa na kutoelewana, na kwamba ninasikitika. Aliyasema hayo kwa upole, kana kwamba ananifanyia wema.

"Papa Prefe," nikamwambia, "nitaandika kile umeona na macho yako. Siongeze kitu, sipunguze."

"Andika basi. Lakini ile barua itabakia mu dosie yako ya kazi."

Niliandika kurasa mbili. Nilizinakili upya mara mbili ili mwandiko usionyeshe hasira yangu. Nilieleza mwanga, rangi, jaribio tulilofanya pamoja, na tarehe za simu zote nilizopiga. Sikuandika popote kwamba ninasikitika.

Mwalimu wa historia alikuja kwangu mchana ule, akaniomba nimwekee mikononi CD mbili, ya kijani na ya kijivu. Alizipapasa pande zote, akazikwaruza kidogo kwa ukucha, akasema kwa vidole vyake ni kitu kimoja. Kisha akaomba apewe zile tatu zenye namba.

"Mimi njo nitazipeleka kwa ule muzee wa soko. Wakiuliza nani alifanya kopi, watanikuta mimi."

Nilikataa. Nilimwambia wamekwisha kuniandika mimi, wamalize na mimi. Akanijibu kwamba mimi nina watoto watatu wanaosoma, na yeye amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kwamba hajaja kubishana. Tukateremka pamoja, ameshika kiwiko changu, bahasha iko ndani ya koti lake.

Haikuwa rahisi. Umeme ulikatika katikati ya kuandika kitabu cha kwanza, na CD ya kuandikwa mara moja ikikatishwa hivyo imekufa, haiandikwi tena. Ya pili ilikamilika, lakini tulikuwa tumeharakishwa na hofu ya umeme tukaandika kwa mwendo mkubwa. Nilipoifikisha shuleni, lekta ikaisoma nusu na kuanza kukwaruza. Siku ya tatu mzee wa sokoni aliazima betri kwa jirani anayechaji simu, akaandika zote tatu polepole, akazifunga, tukiwa tumekaa kwenye viti vyake. Alipomaliza alizifunga kwenye gazeti kama mtu anayefunga sukari.

Niliweka ya pedagojia. Taa ikapepesa, ikatulia, ikabaki kijani. Nikaweka uso wangu juu ya meza nikalia. Mwalimu akauliza kama imekubali, nikasema imekubali. Akadhani ninalia kwa furaha. Nililia kwa sababu kazi yote ile ingemchukua yule mkuu muda wa kunywa chai.

Tulikuwa tumebakiza wiki tatu na nusu. Mashine ilipiga kuanzia asubuhi mpaka umeme ulipoondoka, na ulipoondoka prefe alitoa mafuta ya jenereta bila kuombwa na bila kusema neno. Huenda ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Mimi nilitaka neno. Pedagojia ilitoka kwanza, kisha saikolojia. Mwalimu alikuwa anasoma kurasa zikiwa bado na joto, akinirudishia zenye makosa. Maarifa ya jumla yalifika mikononi mwa wanafunzi siku nne kabla ya mtihani.

Watano walifaulu. Wawili walianguka. Mmoja wao alikuwa msichana kutoka Kalehe, mwenye kichwa kizuri kuliko wote kwenye historia, lakini msomaji wa polepole kwa sababu alianza breli akiwa mkubwa. Alikuja kuniaga akiwa na mfuko wake begani. Aliniambia kitabu cha mwisho hakukimaliza, alifika katikati. Alisema hivyo tu, kisha akanishukuru kwa kurasa alizozisoma. Siwezi kuapa kwamba kitabu kile kingempitisha. Najua tu kwamba wiki zake tano zililala kwenye meza yangu ndani ya bahasha.

Mwisho wa mwaka wa shule shirika lilifanya kikao cha kufunga programu. Mkuu alisoma ripoti yake: vitabu vyote vilikabidhiwa kwa wakati, sahihi ya kupokea ipo. Sahihi ilikuwa yangu. Niliinua mkono. Prefe, aliyekuwa anaongoza kikao, akasema muda umetubana. Niliinua tena, akatazama karatasi zake. Basi mwalimu wa historia akasimama mwenyewe, bila kupewa ruhusa.

"Mimi sikuona CD ata moja," akasema. "Lakini kurasa nilizishika na mikono yangu. Kitabu cha mwisho kilifikia batoto siku ine mbele ya mutihani. Muandike na ile mu ripoti."

Mkuu akasema ameliandika hilo. Kisha mtu fulani akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na kikao kikafungwa. Ripoti haikubadilishwa. Miezi michache baadaye yule bwana alipandishwa cheo akahamishwa ofisi kubwa zaidi, na mimi ndiye niliyeagizwa kumchapia kadi ya kwaheri ya breli kwa niaba ya wanafunzi. Nilisema mashine imeharibika. Huo ndio uongo pekee niliousema katika habari hii yote.

Mwezi wa tisa nilifunga juzuu za maarifa ya jumla ndani ya gunia, maana kitabu kimoja cha kawaida kikiwa breli ni mzigo wa mtu mzima, nikapanda gari la kwenda Kalehe. Baba wa yule msichana alinipokea vizuri, lakini alisema binti apumzike, shule imetosha, amejaribu. Sikubishana naye. Nilimwomba tu binti asome kidogo kwa sauti. Alikaa barazani, akaweka juzuu mapajani, vidole vikaanza kutembea. Alisoma habari za mito na milima ya Congo, kisha historia ya ufalme wa Bushi, na baba yake aliyekuwa amesimama akakaa. Aliposahihisha kitabu mahali fulani, akisema sivyo wazee wanavyosimulia, baba akacheka. Kabla sijaondoka tulikubaliana kwamba atajiandikisha mwaka unaofuata kama mtahiniwa wa kujisomea nyumbani.

Alijiandikisha, na alifaulu. Sasa yuko mwaka wa pili wa chuo cha ualimu hapa mjini, na notisi zake ninamchapia mimi, kwenye mashine ile ile.

Juzi alikuja kuchukua kurasa akanikuta ninagombana kwenye simu na mtu wa shirika jingine, ninamwambia CD iwe ya kuandikwa mara moja, iandikwe polepole, ifungwe, na kama hajaelewa aniulize sasa kabla sijatia sahihi. Alingoja nimalize.

"Maman, ile hasira haijakuisha?"

Nilimwambia aliyepoteza mwaka ni yeye, kwa hiyo yeye ndiye angekuwa na haki ya kukasirika kuliko mimi. Akapanga kurasa zake mfukoni, akasema yeye hakukasirika. Hilo nalo liliniudhi.